Maneno Thelathini

Kazi yangu ni vibandiko.
Kila kazi ya sanaa maneno thelathini, si zaidi,
herufi nyeusi, karatasi nene ya rangi ya maziwa,
kimo cha kifua cha mtu mzima.
Mhifadhi Mkuu husema: watu hawaji hapa kusoma,
wanakuja kuona.

Mwaka huu tumefungua ghala letu wenyewe.
Hakuna cha kuazima Dar, hakuna kreti za kupokea uwanjani.
Ni vilivyo vyetu, vile vyenye jina:
"Ng'ombe wa Bahi", rangi ya mafuta, mita tatu kwa mbili,
iliyochapwa kwenye kalenda za benki
hadi watoto wa mjini wanaijua kabla hawajamjua ng'ombe;
ngoma tano za akina mama, ngozi zimelegea;
na namba 117, kibuyu,
kilichokwenda Ulaya mara moja
kikarudi na umaarufu.

Nilikiandikia upesi, kabla ya chai:
Kibuyu cha maziwa. Ugogo. Ufa umeshonwa kwa kano.
Msanii hajulikani.

Alhamisi akaja fundi wa taa,
Lameki Madeje, wa Mvumi, ngazi begani,
bisibisi nyuma ya sikio kama kalamu ya karani.
Akapanda, akashuka, akapanda tena,
kisha akatulia huko juu
muda mrefu kuliko balbu inavyohitaji.
"Huu mkono naujua," akasema.
Nikatazama mikono yake.

"Angalia mishono inavyolala.
Kushoto, kushoto, kushoto,
halafu mmoja umesimama wima, kama mtu aliyeitwa jina.
Ni bibi yangu Mwaja.
Walimchapa ashike sindano kwa kulia.
Akalia, akaendelea na kushoto."

Daftari la ghala linasema: njia ya kupatikana, zawadi.
Lameki anasema: debe moja la mahindi ya njano,
mwaka ule watu walipokula mbegu.
Na debe lenyewe halikujaa.

Nikapandisha habari ghorofani.
Mhifadhi Mkuu si mtu mbaya, alinisikiliza mpaka mwisho.
Akauliza kama kuna picha. Kama kuna hati.
Kama kuna shahidi asiye ndugu.
Akasema, kwa upole kabisa, mshono si saini.

Nikashuka nikihesabu:
"Msanii hajulikani", maneno mawili.
"Mwaja", moja.
Ningefuta, ningeandika, na nafasi ingebaki.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.
Yule mama aliuziba.
Tuliojenga ukuta ni sisi,
tukaupaka chokaa,
tukautundika ufa wake hapo,
tukavuta kamba mtu asiusogelee.

Jumamosi wageni wakaingia
na vumbi jekundu kwenye viatu vilivyong'arishwa asubuhi,
wakasongamana mbele ya ng'ombe, simu juu.
Bwana mmoja akanung'unika: picha haitoki,
ng'ombe wenu wana giza.

Nikainua macho.
Taa mbili kati ya tatu zilikuwa zimegeuzwa shingo.
Zilivuka vichwa vya watu, zikavuka ngoma,
zikamwaga mwanga wote konani,
juu ya kitu kidogo, cha mviringo, cha rangi ya ugoro,
na kila mshono ulikuwa na kivuli chake:
kushoto, kushoto, kushoto,
wima.

Mlinzi akaninong'oneza, tumwite fundi arudi?
Nikamwambia fundi ameshalipwa.

Leo Jumatatu, tumefunga, nafagia mwenyewe.
Ngazi aliiacha nyuma ya mlango. Sijaigusa.
Kibandiko ni kilekile.
Nimekihesabu tena: maneno kumi.
Yamebaki ishirini.
Sijayatumia.